Sumu Mikononi mwa Manabii



Askari hufundishwa kumtambua adui kwa sare anayovaa, kwa silaha anayobeba na kwa ngome alimojificha. Leo tunataka kumzungumzia adui asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Sare yake ni kanzu ya sala. Silaha yake yaweza kukaa ndani ya dumu la plastiki, au katika mfuko uliofungiwa gazeti. Ngome yake ni nyumba ya ibada yenye hati iliyotolewa na serikali yenyewe. Adui wa namna hii si wa hadithi. Amekwisha kuua watu katika miji mikubwa ya dunia, na amekwisha kuua watu mwendo wa siku moja kwa gari kutoka hapa Bujumbura.

Tuanze mbali, maana huko ndiko jambo lenyewe lilikoonekana katika ukubwa wake wote.

Siku ya Jumatatu, tarehe 20 Machi 1995, yapata saa mbili za asubuhi, wanaume watano waliingia katika magarimoshi matano yapitayo chini ya ardhi katika mji wa Tokyo, nchini Japani. Saa hiyo watumishi walikuwa wakienda makazini na magarimoshi yalijaa pomoni. Kila mmoja wa watu hao alikuwa na mifuko ya plastiki yenye maji maji, iliyofungiwa magazeti. Waliiweka sakafuni, wakaitoboa kwa ncha za miavuli zilizonolewa, kisha wakashuka na kutoweka. Magarimoshi yote matano yalikuwa yakielekea kituo cha Kasumigaseki, mahali penye wizara za serikali na makao makuu ya polisi. Maji maji hayo yalikuwa sarini, sumu ya vita iliyobuniwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, ambayo huishambulia mishipa ya fahamu hata mtu akashindwa kuvuta pumzi.

Watu 13 walihesabiwa kuwa wamekufa, na miaka mingi baadaye akaongezeka wa 14 aliyekuwa ameishi na madhara ya siku ile. Walioumia walizidi 5,000. Waliopima sumu ile baadaye walisema kwamba ilitengenezwa kwa haraka na haikuwa safi. Ingalikuwa safi, hesabu ya maiti ingalikuwa nyingine kabisa.

Ni nani waliofanya hivyo? Si jeshi la nchi jirani, wala si waasi waliokuwa wakidai ardhi. Ni wafuasi wa kikundi cha dini kilichoitwa Aum Shinrikyo, na nabii wao alikuwa Shoko Asahara, mtu asiyeona vizuri, aliyeanza mwaka 1984 kwa kuendesha darasa dogo la mazoezi ya yoga. Mwaka 1989 kikundi hicho kiliandikishwa rasmi kuwa shirika la dini. Kikapata msamaha wa kodi, kikapata mali, kikapata wafuasi wapatao 10,000 katika Japani na wengine wengi zaidi katika Urusi. Mwaka 1990 Asahara na wenzake 24 waligombea viti vya bunge, wakashindwa wote. Tangu hapo mafundisho yake yakazidi kuwa meusi: mwisho wa dunia uko karibu, walio nje ya kikundi wamekwisha kupotea, na kumuua mwenye dhambi ni kumwokoa roho yake asizidi kukosa. Askari aliyepata kukabiliana na mtu anayeamini kwamba kuua ni kutenda wema anajua ugumu wa kupambana na imani ya namna hiyo.

Hapa inafaa tuiondoe dhana moja iliyoenea mno, hata katika kambi na vituo vyetu. Wengi hudhani kwamba manabii wa uongo huwapata wajinga tu, watu wasiojua kusoma. La hasha. Kati ya wale wanaume watano wa Tokyo, mmoja alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo, na wengine walikuwa wamesomea fizikia na elektroniki katika vyuo vikuu. Aliyesimamia utengenezaji wa sumu alikuwa mwanakemia mwenye shahada. Kikundi kilijenga kiwanda chini ya mlima Fuji, katika kijiji cha Kamikuishiki, na mbele ya mitambo kikaweka sanamu kubwa ya mungu ili mgeni aone hekalu. Tena kilikuwa na wafuasi ndani ya jeshi lenyewe. Kwa hiyo elimu peke yake si kinga, wala sare ya taifa si kinga.

Polisi wa Japani walikuwa wapi? Swali hili linatuhusu sisi kuliko jingine lolote, nasi tutakaa nalo kidogo.

Mwezi wa Novemba 1989, wakili mmoja aliyekuwa akiwatetea wazazi waliopoteza watoto wao kwa Aum alitoweka nyumbani kwake Yokohama, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Nyumbani ilikutwa beji ya Aum. Hata hivyo polisi walilishughulikia shauri kama la watu waliopotea tu, na maiti zao hazikupatikana hadi mwaka 1995. Tarehe 27 Juni 1994, usiku, hewa ya sumu iliwaua watu 7 katika mji wa Matsumoto, na wa nane akafa baada ya miaka mingi ya kulala bila fahamu. Sumu ile ilikuwa sarini. Waliolengwa walikuwa mahakimu waliokuwa wakisikiliza kesi ya ardhi ya Aum. Polisi walifanya nini? Walimshuku mkazi mmoja aliyewapigia simu kuomba msaada, ambaye mke wake mwenyewe alikuwa kati ya walioumia, kwa kuwa alikuwa na dawa za kemikali nyumbani kwake. Magazeti yakamhukumu kabla ya mahakama. Miezi ikapita, huku watengeneza sumu wakiendelea na kazi yao. Mwezi uliofuata wanakijiji wa Kamikuishiki wakalalamika kwamba hewa ilikuwa ikinuka vibaya na majani yalikuwa yakinyauka. Udongo ukapimwa, mabaki ya sarini yakaonekana, na tarehe 1 Januari 1995 gazeti moja kubwa likaichapa habari hiyo waziwazi.

Kwa hiyo dalili hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuzikusanya mahali pamoja. Polisi wa jimbo hili walikuwa na kipande chao, na wa jimbo lile na chao, na kila mmoja alikilinda kama mali yake. Kulikuwa pia na jambo la kihistoria ambalo haki yatutaka tulitaje. Kabla ya mwaka 1945 dola ya Japani iliwatesa watu wa dini nyingi, na baada ya vita sheria iliwekwa ya kuwalinda. Polisi waliogopa kuonekana kuwa wanarudia makosa ya zamani. Woga huo ulikuwa na asili njema, lakini Asahara aliutumia kuwa ngao yake.

Msako mkubwa ulipangwa kufanyika tarehe 22 Machi 1995. Aum wakapata habari, wakashambulia siku mbili kabla. Msako ukafanyika hata hivyo, polisi wapatao 2,500 wakiingia mahali 25 kwa wakati mmoja, wamevaa vinyago vya kuzuia hewa ya sumu, na baadhi yao wamebeba ndege wadogo katika vizimba. Wako waliocheka walipoiona picha hiyo. Sisi hatucheki. Ndege yule hufa kabla ya mtu, na askari asiyekuwa na chombo cha kupimia hewa amepata mlinzi. Asahara alikamatwa tarehe 16 Mei 1995, akiwa amejificha katika chumba chembamba ndani ya jengo moja la Kamikuishiki. Yeye na wafuasi wake 12 walinyongwa mwezi wa Julai 2018.

Yako mambo mawili ya siku ile ya Tokyo ambayo kila askari wa zamu yampasa kuyajua. La kwanza ni la vituoni. Wafanyakazi wawili wa kituo cha Kasumigaseki waliokiondoa kifurushi kilichokuwa kikivuja walikufa. Walikuwa watu hodari, walifanya kile ambacho kila mtumishi mwaminifu angefanya: wakaona uchafu na hatari mbele ya wasafiri, wakauondoa. Garimoshi moja likaendelea na safari na sumu ikiwa sakafuni zaidi ya saa nzima, maana hakuna aliyetoa amri ya kulisimamisha. La pili ni la hospitali. Hospitali ya Mtakatifu Luka ilipokea wagonjwa zaidi ya 600 siku ile, wengi wao wakija kwa miguu au kwa teksi, na nguo zao zikiwa bado na sumu. Wakalazwa hata katika kanisa la hospitali, ambalo halikuwa na hewa ya kutosha. Zaidi ya wauguzi na watumishi 100 wakaanza kuona giza na kuumwa kichwa, nao hawakukaribia magarimoshi hata kidogo. Kati ya askari wa zimamoto waliokwenda kuokoa, 135 waliumia. Muda wa saa tatu hivi ulipita kabla polisi hawajatangaza kwamba ni sarini, na madaktari walilisikia neno hilo katika televisheni kama wananchi wengine. Aliyewasaidia kuitambua alikuwa daktari mmoja wa mbali, aliyekuwa amewatibu wagonjwa wa Matsumoto mwaka uliotangulia. Alipoiona habari katika televisheni alizikumbuka dalili zile, akawapigia simu wenzake wa Tokyo.

Msikilizaji wa Buyenzi au wa Kinama atasema: Tokyo ni mbali, nasi hatuna magarimoshi ya chini ya ardhi. Ni kweli, hatunayo. Tunalo soko la Ruvumera. Tunao uwanja wa Intwari siku ya sikukuu, tunayo makanisa na misikiti inayojaa hadi uani. Tena Aum wenyewe hawakuiona Afrika ya kati kuwa mbali. Mwezi wa Oktoba 1992, Asahara alikuja Zaire na wafuasi wapatao 40, wakidai kwamba wameleta msaada wa matibabu kwa wagonjwa. Wachunguzi wa Seneti ya Marekani, katika ripoti yao ya mwaka 1995, walieleza kwamba nia iliyoshukiwa ilikuwa kupata mbegu ya ugonjwa wa Ebola, ugonjwa uliojulikana Zaire tangu mwaka 1976, ili waugeuze kuwa silaha. Haikuthibitishwa kwamba waliipata. Hata hivyo, jambo hili lafaa kutafakariwa na kila askari wa mpakani: watu 40 wenye kanzu, wenye dawa na wenye maneno ya huruma walipita katika uwanja wa ndege wa nchi jirani, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwauliza zaidi ya pasipoti zao.

Sasa turudi karibu na nyumbani.

Katika kusini-magharibi ya Uganda, katika milima inayofanana na yetu, yenye migomba na ukungu kama wa Kayanza, pana mji mdogo uitwao Kanungu. Ijumaa, tarehe 17 Machi 2000, jengo moja la ibada liliwaka moto likiwa na mamia ya watu ndani, wanaume, wanawake na watoto wengi. Milango na madirisha vilikuwa vimepigiliwa misumari. Waliofika kwanza hawakuweza kumtambua mtu na mtu. Kikundi kile kilijiita Harakati ya Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, mtu mwenye mali aliyepata kuwa mwalimu na mwanasiasa. Credonia Mwerinde, aliyekuwa akiuza pombe kabla ya kudai kwamba anatokewa na Bikira Maria. Na Dominic Kataribabo, padri aliyesoma hadi Marekani, ambaye alitengwa na kanisa lake.

Hapo tena twaona kwamba walioongoza hawakuwa watu wa kudharauliwa. Watu waliwaheshimu. Wafuasi waliuza mashamba na ng'ombe wakaleta fedha, wakavaa sare za kikundi, wakaagizwa wasiseme ila kwa ishara za mikono, ili wasije wakaivunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Tulitafakari jambo hili kama askari: watu wasiosema hawawezi kushitaki. Waliambiwa kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita, jua likachomoza kama kawaida. Wengine wakaanza kudai mali zao. Na hapo ndipo mauaji yalipopata sababu yake, maana nabii aliyekosea tarehe ana deni asiloweza kulilipa.

Mwanzoni polisi wa Uganda walisema kwamba watu wale walijiua wenyewe. Kisha wakafukua chooni katika eneo lile, wakakuta maiti 6. Kisha wakaenda katika nyumba nyingine za viongozi: katika nyumba ya Kataribabo huko Rugazi maiti zipatazo 155 zilizikwa uani na chini ya sakafu, huko Buziga, ndani ya mji wa Kampala wenyewe, 55. Kulikuwa na mengine zaidi ya hayo. Hesabu ya polisi ilikaribia 780, na hesabu zilizofuata zikapita 900. Wengi walikuwa wamekufa majuma au miezi kabla ya moto. Baadhi walinyongwa kwa kamba na vitambaa, wengine hawakuwa na jeraha lolote, na wataalamu wa maiti wakashuku sumu. Iliripotiwa pia kwamba Kataribabo alikuwa amenunua asidi nyingi ya salfa, akisema ni kwa ajili ya betri za magari, na kwamba asidi hiyo ndiyo iliyoufanya moto wa Kanungu uwe mkali namna ile.

Asidi ya betri! Ndugu askari, hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Aum walijenga kiwanda kwa mamilioni ya dola na wanasayansi wa vyuo vikuu, na bado sumu yao ikatoka mbovu. Wa Kanungu hawakuhitaji kiwanda. Katika nchi zetu hatari haitaanza kwa kiwanda chini ya mlima. Itaanza dukani. Itaanza katika dawa za kuua wadudu zinazopelekwa kwenye pamba ya uwanda wa Imbo na kwenye kahawa ya Ngozi, katika klorini ya kusafishia maji, katika madumu yanayoshushwa bandarini kwa karatasi zenye jina la bidhaa nyingine. Mfuasi wa nabii anayenunua madumu 20 ya dawa ya mimea huku jumuiya yake haina hata shamba moja lililopandwa, huyo yafaa aulizwe maswali. Muuza duka aijue namba ya kituo cha polisi kilicho jirani naye, na askari atakayepokea simu hiyo asimcheke.

Uchunguzi wa Kanungu nao una funzo chungu. Maiti zilifukuliwa na wafungwa, wengi wao bila vifaa vya kutosha, mbele ya umati wa watu na waandishi. Maiti zikazikwa tena upesi katika makaburi ya pamoja kwa sababu ya harufu na hofu ya magonjwa, na pamoja nazo ukazikwa ushahidi mwingi. Ndiyo maana hadi leo hakuna awezaye kusema kwa hakika ni wangapi waliouawa kwa sumu na ni sumu gani. Hati za kuwakamata viongozi zilitolewa na kupelekwa kwa polisi wa kimataifa, lakini hakuna kiongozi aliyepata kufikishwa mahakamani. Hatusemi haya ili kuwasuta ndugu zetu wa Uganda, ambao walikutwa na jambo lisilokuwa na mfano. Twasema kwa sababu sisi tumekwisha kupata mfano, na hatutakuwa na udhuru.

Kwa miaka 23 watu wa Afrika Mashariki waliizungumzia Kanungu kama jambo lililopita. Mwezi wa Aprili 2023 polisi wa Kenya wakaingia katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, wakakuta wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliokuwa wakifunga kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Maiti zilizofukuliwa zilizidi 400, nyingi zikiwa za watoto. Huko silaha ilikuwa njaa, tena si njaa peke yake, maana baadhi ya maiti zilionyesha dalili za kunyongwa na kupigwa. Mhubiri yule alikuwa amekwisha kukamatwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2017, na hata mwezi wa Machi 2023 alipelekwa mahakamani kwa vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana. Nabii, mwisho wa dunia, mali iliyouzwa, watoto waliotolewa shuleni, mahali palipofungwa na wageni, malalamiko ya jamaa yaliyobaki katika mafaili: ni yale yale ya Kamikuishiki na ya Kanungu.

Lakini upo upande wa pili, na kuunyamazia itakuwa kuwadanganya askari wetu.

Si kila kikundi chenye maono ni Aum, na si kila anayekesha mlimani ana dumu la sumu. Sisi wenyewe, katika nchi yetu, tunao mlima wa Businde katika uliokuwa mkoa wa Kayanza. Mwanamke aliyejulikana kwa jina la Zebiya alidai kwamba Bikira Maria humtokea huko, na waumini wakawa wakipanda kila mwezi kusali. Wakuu wakakataza mikusanyiko hiyo. Tarehe 12 Machi 2013 askari polisi walifyatua risasi, na watu wasiopungua 9 wakauawa. Hakuna sumu iliyopata kuonekana Businde, wala kiwanda, wala makaburi ya siri. Kulikuwa na watu wakaidi waliokuwa wakiimba. Baadaye wengi wao wakavuka mpaka wakaenda Kongo, na huko Kamanyola, tarehe 15 Septemba 2017, zaidi ya watu 30 wakauawa kwa risasi za askari wa nchi ile. Mwezi wa Machi 2018 zaidi ya 2,000 waliingia Rwanda. Walikataa kuandikishwa kwa alama za vidole na kukataa chanjo, wakisema imani yao haiwaruhusu, na mwezi uliofuata wengi wakarudi Burundi.

Tumeliweka jambo hili pamoja na yale mengine kwa makusudi. Afisa wa Japani alikosea kwa kuogopa kuchungulia ndani ya hekalu. Risasi ya Businde ilikosea kwa upande mwingine: haikuchungulia kwanza. Makosa haya mawili hulishana. Kikundi kinachopigwa bila kosa hujifungia, hukata habari na jirani zake, hukataa daktari na mwalimu, na huanza kumwona kila mwenye sare kuwa jeshi la Shetani. Katika giza la namna hiyo ndimo nabii mwenye nia mbaya anamoweza kufanya atakalo, wala hakuna atakayetoka kumshitaki. Katika habari zote tulizozisimulia, waliojua kwanza hawakuwa wapelelezi. Huko Japani walikuwa wazazi na wanakijiji. Huko Kenya walikuwa jamaa waliopotelewa na watoto. Mama aliyempoteza bintiye kwa nabii haji kituoni ikiwa anaogopa kituo chenyewe.

Na ikitokea siku ya msiba? Tutasema machache ambayo hayahitaji vifaa vya thamani. Penye watu wengi wanaoanguka kwa pamoja bila mlio wa bomu, wakitokwa na mate na machozi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na ndege au mbuzi wamekufa karibu, pasiingiwe kwa mbio. Upepo uangaliwe kwanza, na watu wavutwe kuelekea upande upepo unakotoka, mahali palipo wazi na penye mwinuko, maana hewa nyingi za sumu ni nzito na hushuka mabondeni na mifereji. Nguo za walioumia zivuliwe hapo hapo nje, wamwagiwe maji mengi, ndipo wapelekwe hospitali. Na hospitali iambiwe mapema kile kilichoonekana, hata kama jina lake halijulikani. Kifurushi kinachovuja kisiguswe. Askari anayemkimbilia mwenzake aliyeanguka, naye akaanguka juu yake, hakumwokoa mtu. Ni jambo gumu kuliagiza, nasi twajua.

Burundi ni mwanachama wa mkataba wa kukataza silaha za kemikali, ulioanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997, ambao shirika lake lina makao yake The Hague. Mkataba huo ulitungwa hasa kwa ajili ya dola na maghala yao, lakini unazitaka nchi wanachama zikataze mambo hayo hata kwa raia wao, na unaziwezesha kupata mafunzo na msaada. Nafasi za mafunzo zikija, tungependa kuona wanaopelekwa ni masajini wa zamu na wakuu wa vituo vya mikoani, watakaokuwapo saa ya kwanza, wala si maofisa wa mezani peke yao.

Wale waliorudi kutoka Kamanyola mwaka 2018 walirudishwa milimani kwao. Wako miongoni mwa jirani zetu, wanalima, na wengine bado wanasali kwa namna yao. Mkuu wa kituo aliye karibu nao ana kazi anayoweza kuianza kesho asubuhi, bila bunduki na bila kinyago: kwenda kwao mchana, kuwajua kwa majina, kuuliza kama watoto wanakwenda shule na kama wagonjwa wanafika zahanati, na kumwachia mzee wao namba ya simu itakayopokelewa hata usiku wa manane.